Ramani ina rangi mbili, mpiga kura ana karatasi sita

Kila baada ya uchaguzi mkuu, runinga hutuonyesha ramani ya Kenya iliyopakwa rangi mbili, na mjadala huishia hapo: Meru ni ya huyu, Kitui ni ya yule. Ramani hiyo imechorwa kwa karatasi ya urais pekee. Mpiga kura hupewa karatasi sita: ya rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wadi. Ukizifuata zile nyingine tano, mengi tunayoyasema kuhusu kaunti za mashambani huanza kuyumba.

Dhana: kule hupigwa kura kwa mtindo wa suti.

Wanasiasa huzunguka vijijini wakiomba suti kamili, yaani chama kimoja kwenye karatasi zote, kuanzia rais hadi mwakilishi wadi. Kwangu mimi, kule kuomba kwenyewe ni ushahidi kwamba hawana uhakika wa kuipata. Mwaka 2022, Meru ilimpa William Ruto kura zake kwa wingi. Kwenye karatasi ya ugavana, wapiga kura walewale, katika foleni ileile, walimchagua Kawira Mwangaza, mgombea huru. Alimbwaga Mithika Linturi aliyesimama kwa UDA, chama cha Ruto mwenyewe, na pia Kiraitu Murungi aliyekuwa akitetea kiti.

Kitui ilifanya hivyohivyo mwaka 2017. Raila Odinga na mgombea mwenza wake, Kalonzo Musyoka, walizoa kura za urais, lakini gavana Julius Malombe wa Wiper, chama cha Kalonzo, akang'olewa na Charity Ngilu wa Narc. Malombe alirudi 2022. Hata Siaya, ngome ya ODM, chama cha Raila, kuliko ngome nyingi, ina eneobunge la Ugenya: katika uchaguzi mdogo wa Aprili 2019, David Ochieng wa chama kidogo cha MDG alimshinda mgombea wa ODM, kisha akachaguliwa tena kwa tiketi hiyohiyo 2022. Kwa hiyo kura ya urais kijijini mara nyingi ni ya jamii na muungano, lakini kura ya gavana au mbunge ni ya barabara, basari, zahanati na namna mheshimiwa anavyopokea simu.

Dhana: kigogo akisema, watu hufuata.

Hii ni kweli nusu, na nusu hiyo isidharauliwe. Bungoma ilimpa Raila ushindi wa kaunti 2017, Moses Wetang'ula, kigogo wa siasa za huko, akiwa upande wake. Wetang'ula alipohamia kwa Ruto 2022, kaunti nayo ikahama. Sasa tazama Mlima Kenya mwaka huohuo. Uhuru Kenyatta, rais wa wakati huo aliyezoa kura za eneo hilo 2013 na 2017, alimuunga mkono Raila, tena mgombea mwenza wa Raila alikuwa Martha Karua wa Kirinyaga. Eneo likampigia Ruto. Aliyefuatwa na watu jana anaweza kugeuka leo akajikuta peke yake njiani.

Dhana: wazee wakishakaa, mambo yamekwisha.

Kaskazini mwa nchi, wazee wa koo hugawana viti kabla ya kampeni, na mara nyingi maafikiano hayo hushika. Lakini Mandera, baraza la wazee wa ukoo wa Garre liliamua kwamba viongozi waliochaguliwa 2013 wasigombee tena. Gavana Ali Roba alikataa, akasimama 2017 na akashinda.

Dhana: mwenye noti ndiye mshindi.

Pesa humwagwa, hilo halina ubishi, ingawa sheria ya makosa ya uchaguzi ya 2016 humtia hatiani mtoaji na mpokeaji pia. Ila mwanakijiji anayepokea kwa wagombea watatu ana kura moja tu ya kutoa, na kura yenyewe ni ya siri. Angalau wawili wataumia.

Dhana: watu wa mashambani hawajali uchaguzi.

Mwaka 2022 nchi nzima ilijitokeza kwa karibu asilimia 65. Nairobi ilikuwa karibu 56, na Mombasa haikufika hata 45. Bomet, kaunti ya majani chai na ng'ombe wa maziwa, ilikaribia 80. Mashambani nako kuna waliokata tamaa, lakini ukitaka kulaumu wanaokaa nyumbani siku ya kura, anza na majirani zako wa mjini.

Nirudi kwenye ile ramani, maana inadanganya kwa namna nyingine tena: inapaka rangi ardhi, nayo ardhi haipigi kura. Marsabit ni kubwa kuliko Nairobi mara 100 hivi, na kwenye skrini hujaza macho. Katika sajili ya 2022 Marsabit ilikuwa na wapiga kura takriban 167,000. Nairobi, ambayo kwenye ramani hiyo ni nukta tu, ilikuwa na zaidi ya 2,400,000.