Maji ya chumvi nayo hubeba kipindupindu

Ukipanga nyumba yenye kisima Dar es Salaam, hukosi kuambiwa: "Haya yana chumvi, vijidudu havikai humo." Si kweli. Bakteria wa kipindupindu, Vibrio cholerae, kwao hasa ni maji ya chumvichumvi, pale mto unapokutana na bahari, wakijishikiza kwenye magamba ya viumbe wadogo mno wanaoelea majini. Chumvi ya kisimani, ile inayokataa hata povu la sabuni, haiwaui.

Wa homa ya matumbo ni tofauti: makao yao ni mwili wa binadamu, na majini hufikishwa na kinyesi. Kwa hiyo kisima kilicho jirani na choo cha shimo (na viwanja vyetu vilivyobanana, wapi pengine kingechimbwa?) kinatia shaka hata kama maji yake ni maangavu hadi sarafu inaonekana ndani ya ndoo. Masika ndiyo hatari zaidi, vyoo vinapofurika.

Kipindupindu huharisha kama maji ya kuoshea mchele, na asiyetibiwa anaweza kufa ndani ya saa chache. Chemsha maji, yatokote kwa dakika 1 kamili, uyaweke kwenye ndoo yenye mfuniko na koki. Kikombe kinachochovywa na kila mtu huyachafua upya.