Je, muuguzi anayelemewa hana wito?

Wengi huamini uuguzi ni wito, hivyo muuguzi anayelemewa kiakili amekosa moyo wa kazi. Wito upo, tena tunauhitaji sana. Lakini mwongozo wa kimataifa wa kuainisha magonjwa, toleo la 11, lililoanza kutumika 2022, unaeleza kwamba uchovu huu wa kupindukia hutokana na msongo sugu wa kazini usiodhibitiwa. Zamu za usiku huvuruga usingizi. Upungufu wa watu humlazimu muuguzi kuacha kidonda nusu kimefungwa akimbilie dripu iliyokwisha.

Ukiwa na mgonjwa wodini, hesabu vitanda, kisha wauguzi wa usiku. Na kama kila anayepangiwa wodi ileile huishia kulemewa, chanzo kitafutwe kwenye ratiba ya zamu.