Wazee wetu wa Kusini waliandikwa, ila sio unapowatafuta

Nimeona watu wengi wa huku Mtwara na Lindi wakitaka kujua asili yao wanaanzia ofisi ya wilaya, wanaambiwa hakuna kitu, wanarudi nyumbani wanasema basi tena, wazee wetu hawakuandikwa popote. Na mimi nilianza hivohivo nilipokua namtafuta mama yake bibi yangu mzaa mama, na karibu kila nilichoamini mwanzoni kilikua sio. Naandika ili mwingine asizunguke bure.

"Kila aliyezaliwa enzi za mkoloni ana cheti, ni kukitafuta tu"

Hapana jamani. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo Waingereza waliitunga 1920 kweli, lakini Mwafrika wa kijijini huko Newala au Nachingwea hakulazimishwa, waliolazimishwa ni Wazungu na baadae watu wa asili ya Asia. Kwa wananchi wa kawaida ilikuja kusambazwa taratibu, wilaya kwa wilaya, baada ya uhuru. Kwahiyo ukimkosa RITA (wakala wa serikali anayeandikisha vizazi na vifo) babu aliyezaliwa kijijini 1930, usiwalaumu kwamba wamepoteza faili, mara nyingi faili lenyewe halijawahi kuwepo.

Na ukikuta cheti, angalia aliandikishwa lini. Wazee wengi waliandikishwa ukubwani kwa ajili ya mafao au mirathi, mwaka wa kuzaliwa ukakisiwa tu. Mimi naamini zaidi mzee anayesema alizaliwa mwaka wa kile kimbunga cha Lindi, maana hiyo ni 1952, au bibi anayesema mama yake alikua anatambaa wakati wa Maji Maji, hiyo ni 1905, kuliko tarehe 1 Januari iliyopigwa taipu vizuri.

"Kama serikali haikuandika, hakuna aliyeandika"

Hii ndo inayoniuma zaidi, maana watu wanakata tamaa hapa wakati vitabu viko kabatini kilomita chache kutoka kwao. Waanglikana wa UMCA (misheni ya Waingereza) walifika Masasi 1876 na watu waliokombolewa kutoka utumwani, Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, wakaanza Lukuledi 1895, wakaenda Nyangao, na Ndanda wakaanza 1906. Popote walipokaa waliandika: nani kabatizwa, wazazi wake, msimamizi wake, padri aliyembatiza.

Kwa Wakatoliki kuna kitu wengi hawakijui. Pembeni ya mstari wa ubatizo huwa wanaongeza kipaimara na ndoa, hata kama ndoa imefungwa parokia nyingine, paroko wa huko anatakiwa kuleta taarifa kule mtu alikobatizwa. Mimi nilikua natafuta ubatizo tu, nikakuta pembeni kwa wino mwingine jina la parokia ambayo nyumbani hakuna mtu aliyewahi kuitaja, nikaenda huko, kwenye kitabu cha ndoa nikakuta mashahidi na kijiji alichotoka. Nililia pale mezani, sioni aibu kusema.

Jiandae na Kilatini lakini. Yohana ataandikwa Ioannes, Ludoviko ataandikwa Ludovicus. Tarehe ya ubatizo usiifanye ya kuzaliwa, wakristo wa mwanzo wengi walibatizwa watu wazima. Na ukikuta pengo kabla ya 1905 usishangae, Nyangao na Lukuledi zilichomwa kwenye Maji Maji. Karatasi nyingine za hao wamisionari ziko kwenye monasteri yao ya St. Ottilien Ujerumani, na za UMCA ziko Oxford. Kwa paroko nenda kwa adabu, beba cheti chako cha ubatizo, eleza unamtafuta nani, usianze kupiga picha na simu kabla hujaruhusiwa, kile sio kitabu cha kila mtu.

"Waislamu ndo hawana kabisa"

Ndoa ya zamani ilifungwa na mwalimu mbele ya walii na mashahidi ikaisha, ni kweli karatasi mara nyingi hakuna, na kuandikisha ndoa zote kumekuja na Sheria ya Ndoa ya 1971. Lakini hasa Mikindani, Lindi na Kilwa watu walikua wanaandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Ukikuta karatasi kuukuu sandukuni usiseme ni dua tu ukairudisha, mpelekee shehe anayesoma hati hizo, inaweza kuwa hati ya shamba au mahari, na humo kuna majina ya watu na baba zao.

Kuhusu kijiji kutokuonekana kwenye ramani, kumbuka Operesheni Vijiji miaka ya 1973 hadi 1976, watu walihamishwa na majina mengine yakabaki porini kwenye mikorosho. Tandahimba ya leo itafute Newala, Nanyumbu itafute Masasi, na kabla ya 1971 Lindi ilikua ndani ya mkoa wa Mtwara. Mji wenyewe wa Mtwara umekuzwa na mradi wa karanga wa Waingereza mwishoni mwa miaka ya 1940, kwahiyo mtu aliyezaliwa "Mtwara" 1920 muulizie na Mikindani.

"Fuata jina la baba utafika"

Huku kwetu hapana. Wamwera, Wamakonde, Wamakua, Wayao, ukoo ulihesabiwa kwa mama, na mwenye kauli alikua mjomba. Afu mtu mmoja ana jina la utotoni, jina alilopewa jandoni au unyagoni, jina la ubatizo, na akienda kukata mkonge anaweza kuandikishwa jina lingine tena, yani mtu mmoja majina manne na wewe umeshika moja unasema hayupo. Kaa na wajomba kwanza, andika majina yote, waulize ukoo kwa neno lenyewe la kabila, Wamakua wanasema nihimo, ndo uende kwenye vitabu.

Mimi mstari niliopata una jina la mama tu, sehemu ya baba iko wazi. Nilidhani nimekwama. Nikamsomea mjomba kwenye simu lile jina la mama, akanyamaza, afu akanitajia dada watatu wa huyo mama na walikozikwa.