Storms of Life: albamu iliyoonekana ni kantri mno

Kazi yangu ni kurekodi muziki na kufanya miksi, yaani kusawazisha sauti na vyombo. Kijana akiniuliza sauti ya mwimbaji ikae wapi kati ya vyombo, namwekea Storms of Life ya Randy Travis, albamu ya kantri ya mwaka 1986. Wengine hucheka. Wacha wacheke.

Ni albamu yake ya kwanza ya studio. Nasema studio kwa sababu kabla ya hapo alitoa rekodi ya onyesho la ukumbini Nashville Palace, akijiita Randy Ray. Pale pale alikuwa akipika na kuosha vyombo, kisha anapanda jukwaani. Lebo, yaani kampuni za kurekodi, za Nashville, mji ulio kitovu cha kantri Marekani, zilimkataa kwa kuwa ni kantri mno. Soko lilikuwa limeegemea pop, kila kitu kimelainishwa. Warner Bros. ndio waliomchukua.

Sikiliza "On the Other Hand", utunzi wa Paul Overstreet na Don Schlitz (huyu Schlitz ndiye aliyeandika "The Gambler" ya Kenny Rogers, ambayo mashabiki wa kantri Kenya wanaiimba bila kusoma popote). Mume yuko na mwanamke mwingine, moyo umeshalegea, halafu anaikumbuka pete ya ndoa. Basi, hadithi imeisha. Vyombo vinampisha: Travis akiimba vinarudi nyuma, akivuta pumzi gitaa la stili (lile la kuteleza lenye sauti ya kulia) linamjibu. Mwisho wa mstari sauti yake nzito inashuka hadi chini kabisa, na kwa kuwa huko chini hakujajazwa makelele, unaisikia yote. Hapo ndipo ninaposimamisha na kurudisha nyuma.

Cha ajabu, wimbo huo ulipoachiwa mwaka 1985 uliishia nafasi ya 67 kwenye chati ya kantri ya Billboard, jarida la muziki la Marekani. Ukafuata "1982", ukafika nafasi ya 6, redio zikamjua. Kampuni ikaurudisha sokoni ule wa kwanza mwaka 1986, ukashika namba 1. "Diggin' Up Bones" nao ukafika huko huko, na albamu ikapita nakala milioni 3 Marekani.

Mimi binafsi napenda zaidi "Reasons I Cheat", aliouandika mwenyewe. Safari hii mume haikumbuki pete. Anajitetea kwa nini anatoka nje ya ndoa, na uchovu wa kazi umo. Anaimba kwa utulivu ule ule, bila kuomba msamaha, unajikuta unamwelewa kabla hujamhukumu.