Kwa nini kisanduku cha nenosiri hakipaswi kukataa kubandika?

Namba ya uthibitisho imeingia kwenye simu: 609286. Unatoka kwenye programu, unafungua ujumbe, unaikariri na kurudi. Ukifika umebaki na 609, halafu… 826? Unarudi kuiangalia tena. Huku saa ya pembeni inahesabu sekunde zilizobaki, na kisanduku kimezuiwa kisikubali kubandika (paste) namba uliyonakili kwingine.

Kwa wengi hiyo ni kero ndogo. Kwa mtu mwenye disleksia, hali inayofanya kusoma na kuandika kuwe kugumu, kushika mfuatano wa tarakimu bila kuuchanganya kunaweza kuwa kazi nzito. Kwa mwenye ADHD, hali inayofanya iwe vigumu kutuliza umakini, arifa moja ikijitokeza katikati inatosha kuifuta namba nzima kichwani. Kinachotumika hapa ni ile sehemu ya kumbukumbu inayoshikilia jambo kwa sekunde chache tu wakati unalifanyia kazi. Uwezo wake hutofautiana sana kati ya mtu na mtu, na haupimi akili: anayeshindwa kunakili tarakimu sita huenda ndiye anayeandika programu zenyewe.

Wanaozuia kubandika hudai ni kwa ajili ya usalama. Hoja hiyo haina mashiko. Asiyeweza kubandika hawezi kutumia vizuri programu ya kutunza manenosiri, basi ataishia kuchagua neno fupi analoweza kulikumbuka, na neno fupi ndilo rahisi kubahatishwa. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ilishauri katika mwongozo wake wa mwaka 2017 kwamba watumiaji waruhusiwe kubandika.

Mwaka 2023 suala hili liliingia pia kwenye WCAG 2.2, mwongozo wa shirika la W3C kuhusu tovuti zinazotumika na kila mtu. Unasema hatua ya kuingia isimlazimishe mtu kukumbuka, kunakili kwa mkono au kufumbua fumbo, isipokuwa kama kuna njia nyingine au msaada. Hata hivyo, katika ngazi ya AA, ile ya katikati kati ya ngazi tatu za mwongozo huo na ambayo ndiyo hufuatwa zaidi, mafumbo ya kuchagua picha zenye kitu fulani bado yanaruhusiwa. Binafsi naona hapo walilegeza kamba mno. Ngazi ya AAA, iliyo kali zaidi, imeyakataa.

Mwongozo huohuo unagusa na ile saa. Njia mojawapo inayokubalika ni hii: muda unapokaribia kwisha, mtumiaji aonywe na apewe angalau sekunde 20 za kuuongeza kwa kitendo chepesi, na aweze kufanya hivyo mara kumi au zaidi. Kuna mazingira yasiyobanwa na sharti hili, kama vile mnada unaoendelea. Na kitu kinachojiendesha chenyewe kando ya maandishi kwa zaidi ya sekunde 5 lazima kiwe na namna ya kukisimamisha.

Kwa anayetengeneza programu, marekebisho mengine ni madogo kiasi cha kushangaza. Kwenye HTML, lugha ya kuandikia kurasa za tovuti, kuandika autocomplete="one-time-code" katika kisanduku cha namba huwezesha simu nyingi kuipendekeza namba iliyoingia kwa ujumbe, mtumiaji akaigusa tu. Ila angalia ule mtindo wa visanduku sita, kila tarakimu na chake. Unapendeza machoni, lakini usipoandikwa kwa uangalifu, ukibandika 609286 inaingia 6 peke yake na nyingine zote zinapotea. Kisanduku kimoja kirefu kinatosha.