Sufuria hupimwa kwa kitako, si kwa mng'aro

Pesa ya korosho ikishaingia, maduka ya vyombo Mtwara na Lindi hujaa seti za sufuria zinazong'aa, saba kwa bei ya kutupa. Waachie wanaopamba kabati. Anayepika kila siku, tena mapishi ya nazi, kwa pesa hiyohiyo bora achukue mbili nzito.

Tui lina mafuta, protini na sukari. Kwenye kitako chembamba juu ya mkaa, pale kaa lilipogusa huungua kabla pembeni hakujachemka, na harufu ya ukoko uliobabuka hupanda wali mzima. Aluminiamu hupitisha joto vizuri sana, ila ikiwa nyembamba haipati nafasi ya kulitawanya. Tafuta kitako cha milimita 3 au zaidi. Huna kipimo dukani? Kandamiza katikati ya kitako kwa dole gumba. Kikibonyea na kulia kama bati, rudisha rafuni. Kisha iweke sufuria juu ya kioo cha kaunta na uizungushe; ikicheza, kitako hakijanyooka, na kwenye jiko la gesi itakusumbua.

Mfuniko nao watu huusahau. Sisi wali tunaupalia makaa juu, kwa hiyo unataka mfuniko wa aluminiamu uliolala bapa, wenye ukingo ulioinuka kidogo ili makaa yasiporomoke, na kishikio cha chuma. Kioo chenye kitasa cha plastiki hakifai hata kidogo: plastiki huyeyuka, na kioo huweza kupasuka ukashinda unaokota vigae ndani ya wali. Vishikio vya pembeni viwe vimefungwa kwa ribiti, angalau mbili kila upande.

Sufuria za kumimina, zile nene za kijivu zinazotengenezwa kwa kuyeyusha vyuma chakavu, zinatunza moto vizuri lakini sizipendekezi. Huwezi kujua kilichoyeyushwa mle, na baadhi ya sufuria za aina hiyo zilizopimwa katika nchi mbalimbali zimekutwa na madini ya risasi yanayoingia kwenye chakula. Ukwaju, ndimu, nyanya na embe mbichi huzidisha tatizo. Hata aluminiamu safi ya kiwandani haipendi ukali. Mchuzi wa samaki wa ukwaju upike kwenye chungu cha udongo kisichopakwa rangi wala vanishi, au kwenye stenlesi.

Stenlesi peke yake hupitisha joto vibaya, kwa hiyo nunua yenye tabaka la aluminiamu lililobanwa kwenye kitako. Wauzaji watakuambia ujaribu kwa sumaku. Jaribio hilo ni nusu tu: stenlesi ya 304, yenye kromiamu takriban asilimia 18 na nikeli 8, kwa kawaida haishiki sumaku, lakini ya 201 nayo haishiki, na hiyo ndiyo inayowahi kutoa madoa ya kutu kwenye hewa ya chumvi ya Shangani au Mikindani, hapa Mtwara. Soma namba iliyogongwa chini ya sufuria. Isipokuwepo, lipia bei ya 201. Na chumvi usiitie kwenye maji baridi ikalala kitakoni, maana huchimba vishimo vidogo visivyotoka kwa kusugua. Itie maji yakishachemka, ukoroge.

Kwenye gesi, mji wetu una jambo ambalo mikoa mingi haina. Baadhi ya nyumba zimeunganishwa gesi asilia ya bomba, nyingine zinatumia mtungi. Majiko hayabadilishani hivihivi. Nozeli (mdomo wa kutolea gesi) ya jiko la mtungi ina tundu dogo. Ukiliunga kwenye bomba, moto unakuwa dhaifu, maharage hayaivi. Kinyume chake ni hatari: jiko la gesi asilia likiungwa kwenye mtungi hutoa mwali mkubwa wa njano na masizi. Kabla hujalipa, uliza kama nozeli za aina ya pili zimo kwenye boksi, na kazi ya kuzibadilisha mwachie fundi wa gesi. Maungio uyapake maji ya sabuni; yakitoa mapovu, gesi inavuja, funga valvu.

Vikaango vya tefloni sina maneno mengi: joto likipita nyuzi 260 utando huanza kuharibika, na juu ya mkaa huwezi kulidhibiti. Acha.

Mbuzi ya nazi ikae sawasawa sakafuni, na ulimi wake usitikisike ukiuvuta kwa mkono. Pitisha kidole taratibu juu ya meno: yawe makali na ya urefu mmoja. Meno butu yanakwangua vipande vikubwa, na tui linakuwa jepesi hata ukikamua mara tatu. Yakichoka, tupa ndogo ya pembe tatu inayarudisha. Ukimaliza osha, kausha, pangusa kwa mafuta ya nazi, la sivyo asubuhi utakuta wekundu.

Kisu kimoja cha sentimita 20 kinatosha, chuma chake kikienda mpaka mwisho wa mpini. Kibao cha kukatia kisiwe cha mpingo, kwa sababu ni mgumu mno na unaua makali. Mwembe unafaa zaidi. Kinoo nacho kinunuliwe siku hiyohiyo.