Nekrosisi ni nini? Nyama ya mwili kufa mtu mwenyewe akiwa mzima

Ukiona kwenye karatasi ya hospitali wameandika nekrosisi usichanganyikiwe, asili yake ni Kigiriki, nekros ni maiti, kwa hiyo ni pale sehemu ya mwili inapokufa huku mwenye mwili yuko hai. Mara nyingi seli zinakuwa zimekosa damu yenye oksijeni, zinavimba, zinapasuka na uchafu wake unazimwagikia seli jirani, ndo maana pembeni kunakuwa kwekundu na kunauma. Si kila kifo cha seli ni nekrosisi lakini, kuna kingine kinaitwa apoptosisi, mtoto akiwa tumboni vidole vyake vinaachana kwa sababu seli za katikati zinajifia zenyewe kwa utaratibu, hiyo haina shida kabisa.

Sasa gangrini ni nekrosisi hiyo hiyo ila imeshika eneo kubwa unaloliona kwa macho, kidole au mguu. Kuna kavu, kidole kinanyauka kinakuwa cheusi kama mkaa, na kuna mbichi yenye bakteria, hii inavimba, inanuka na inapanda haraka, mgonjwa anakimbizwa hospitali usiku huo huo. Mtaani wengi wanasema donda ndugu, ila jina hilo wanakipa kidonda chochote sugu hata kama nyama haijafa.

Wanaoniumiza roho ni wagonjwa wa kisukari. Mguu unakufa ganzi (kufa ganzi sio nekrosisi jamani, hapo ni mishipa ya fahamu imeharibika), mtu anakanyaga msumari hasikii, kuja kushtuka kidole kishabadilika rangi, daktari akisema kikatwe ndugu wanagoma eti apigwe kwanza sindano kali. Dawa inasafiri kwenye damu, pale damu isipofika na dawa haifiki, na nyama iliyokufa haifufuki. Sisi tulibishana wiki mbili juu ya kidole kimoja cha baba mdogo, kilichokuja kukatwa ni mguu chini ya goti.

Na aliyeumwa na kifutu msimfunge kamba ya kubana, sumu ya yule nyoka yenyewe inaua nyama, mkibana mnakata hata damu kidogo iliyokuwa inafika, mlazeni atulie mguu usitikisike mtafute gari.